Crescencio Ovelar wa Barafu, na Zamu Tuliyoiruka

Mwaka umetimia, Baba, tangu mashine ya barafu izimwe mchana kweupe kwa mara ya kwanza. Mdogo wangu Rigoberto ndiye aliyeizima. Arroyo Pytá nzima ikasikia kimya kile na ikajua, hakuna aliyehitaji kupelekewa habari. Ilikuwa Januari, joto la kuunguza nyayo, na watu walikunywa terere, kinywaji chetu cha majani na maji ya barafu, kwa maji vuguvugu siku mbili mfululizo. Hata yule mama wa duka la dawa, ambaye hajawahi kukosa la kulalamikia, alisema, "Acheni tu. Barafu nayo ifiwe."

Tungependa tangazo hili liwe kama la wenzetu: picha yako, sala, majina ya watoto, basi. Lakini kuliandika nimepewa mimi, mwanao Zunilda, na unanijua, nikianza kusema siishii njiani. Kuna jambo tulilifanya uani kwako, mbele ya macho yako. Mji unalijua nusu. Leo tunalisema lote, maana tumechoka kusalimiwa kwa heshima na watu.

Lakini kwanza tukukumbuke.

Tunalikumbuka shati lako jeupe, kifungo cha shingoni kimefungwa hata katikati ya joto. Tunaikumbuka ndoano ya barafu begani na vumbi la mbao la kufunikia barafu kwenye nyusi. Ulikata mabonge kwa msumeno bila kupima, na mteja akinung'unika kwamba la jirani ni kubwa, ulimwambia, "Haya, badilishaneni, halafu mje mniambie nani kapunjwa." Hakuna aliyewahi kurudi.

Tunaukumbuka mtungi wako wa udongo pale getini, na kata yake ya bati. "Barafu nauza," ulisema, "maji siuzi." Wasafiri wa basi walikunywa, wachunga ng'ombe walikunywa, walevi wa Jumapili walikunywa, na mbwa wa watu waliwekewa bakuli lao. Siku moja bwana mmoja wa manispaa alikuja kukuambia mtungi ule si salama kwa afya. Ulimkaribisha anywe kwanza. Alikunywa kata tatu, akajifuta mdomo, akakuuliza habari za watoto, akaenda zake.

Na misiba, Baba. Mtu akifa kiangazi, kabla jamaa hawajakumbuka kutafuta barafu, wewe ulishafika na mkokoteni. Uliingia kimya, ukapanga mabonge chini ya kitanda cha marehemu, ukavua kofia, ukatoka. Hukumtumia mtu yeyote hesabu ya barafu ile.

Ila nyumbani ulituchosha na maji! Glasi iliyobaki nusu haikumwagwa, ilipelekwa kwenye mrehani. Chini ya kila kitanda kulikuwa na chupa za maji zimepangwa, hata chini ya kitanda cha wageni. Rigoberto ana miaka arobaini na ushee na bado ulimpiga kofi la kisogoni kwa sababu ya bomba linalodondoka. Tulicheka sana. Kuuliza, hatukuuliza.

Habari zako za vita tulizijua kwa maneno machache tu, uliyoyarudia kila tulipokusumbua: "Nilikwenda Chaco, nikarudi, leteni chakula." Yaliyobaki tuliyapata kwa Mama Hermelinda, Mungu amrehemu. Kwamba ulichukuliwa kwenye shamba la miwa una miaka kumi na minane, panga bado mkononi. Kwamba ulipigana na Wabolivia karibu miaka mitatu katika pori lisilo na mto wala kijito. Kwamba uliporudi, mama yako alikupita pale stesheni akaendelea kutafuta mwanawe, kwa jinsi ulivyokonda.

Ukaenda Asunción kutafuta kazi, ukapata kwenye kiwanda cha nyama, upande wa chumba cha baridi. Mama alisema siku ya kwanza uliweka shavu lako juu ya bonge la barafu ukakataa kuondoka, mpaka msimamizi akakuvuta na ngozi kidogo ikabaki pale. Alama ile shavuni tuliijua tangu utotoni. Tulidhani ni ya risasi, tukawa tunatamba nayo shuleni.

Miaka kumi baadaye ulirudi na mashine kuukuu iliyokataliwa na wenye akili zao, kwa treni, kisha siku mbili kwa mkokoteni wa maksai. Mji ulikucheka mpaka ukaumwa mbavu. "Crescencio kaenda vitani karudi anagandisha maji! Kesho atakaanga upepo." Kufika Februari, haohao walikuwa wamepanga foleni getini kwako na ndoo zao. Hukuwakumbusha hata mmoja.

Sasa tuje kwenye Septemba.

Kila Septemba, siku ya wapiganaji, wenzako walivaa nishani wakaandamana nyuma ya bendi. Wewe hukwenda hata mara moja. Ulikaa uani chini ya mzabibu ukimsubiri Mzee Nicanor Duarte. Alikuja kwa miguu kutoka Kurupai, ng'ambo ya kinamasi, suruali imekunjwa, tope mpaka magotini, na fungu la mizizi ya kutia kwenye terere mkononi. Hakuwa na kitu kingine cha kuleta. Alikuwa na kikohozi kisichokwisha na meno yaliyohesabika, na sisi watoto tulimwita mzee wa vyura.

Ulimimina wewe mwenyewe. Majani kwenye pembe yako ya ng'ombe, mrija wa fedha, maji yenye barafu. Maji ya mwanzo uliyaachia majani yayanywe, kwa sababu zamu hiyo ni ya Mtakatifu Tomasi. Baada ya mtakatifu, kwa desturi anayemimina ndiye hunywa kwanza. Wewe hukunywa. Ulimpa Mzee Nicanor, naye akaipokea pembe kwa mikono miwili. Nilipokuwa msichana nilikuuliza, "Baba, kwa nini aanze yeye?"

"Kwa sababu amekaa karibu," ulisema.

Siku nyingine alikaa upande wa pili wa ua, na bado alianza yeye.

Halafu mwaka juzi, Machi, kiharusi kikakupiga. Mkono wa kulia ukalala, na ulimi ukalala nao. Pembe ikaja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilijivuna, nakiri. Anayemimina ndiye mwenye duara: anajaza, anampa mmoja, anapokea, anajaza tena, anampa anayefuata. Mrija ni mmoja na midomo ni mingi. Na humruki mtu. Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu anajua kwamba humruki mtu.

Septemba ile tulikuwa na wakwe. Binti yangu Mirta alikuwa amechumbiwa na kijana wa Asunción, na wazazi wake walikuja kutujua. Baba mtu daktari wa macho, mama mtu amevaa viatu vyeupe pe. Nilitandika kitambaa cha darizi, nikakusogeza na kiti chako kivulini, nikatoa mrija wa fedha. Watu wasije wakasema niliisahau tarehe. Sikuisahau. Nilikuwa naomba asije.

Akaja.

"Salamu za mchana, watu wa Crese! Nimewaletea mizizi." Akakaa kwenye benchi ubavuni mwako, tope na yote. Akakushika ule mkono uliolala. "We Crese, wamekukalisha kama askofu! Utatubariki au utatuomba sadaka?"

Ukacheka, Baba. Kwa ule upande mmoja wa mdomo uliokubakia, ukacheka mpaka machozi yakatoka. Hukuwa umecheka tangu Machi. Na mimi, badala ya kushukuru, nilikuwa natazama nyayo zake na viatu vya mama mkwe.

Rigoberto akaninong'oneza, "Zuni, usimpe mrija huo. Utampa yeye, halafu umpe mama mkwe?"

"Sasa nifanyeje? Keshakaa."

"Mletee kikombe chake. Mwambie chochote."

Nikajaza nikampa daktari. Nikampa mkewe, nikampa kijana wao, nikampa Mirta, nikampa Rigoberto. Nikakuwekea wewe mrija mdomoni, ukavuta. Aliyefuata ni Mzee Nicanor. Alishainyosha mikono yake yote miwili. Nikapita mbele ya mikono ile na pembe, nikampa daktari tena.

Nikaingia jikoni nikachukua kikombe cha bati, kile kinachokaa kwenye karai la kufulia, nikakijaza maji nikamletea. "Mzee Nicanor, wewe nimekuletea chako, unywe kwa raha zako."

Kwa raha zako! Nikiyakumbuka maneno hayo masikio yanawaka moto mpaka leo.

Alikitazama kikombe. Akakutazama wewe. Kisha akanywa yote, hakubakisha tone, akakiinamisha kuonyesha kimekwisha, akakiweka chini taratibu. "Asante, bibie," akasema. Na kwetu anayesema asante kwenye terere amemaliza, haongezewi. Akasimama. "Crese, ngoja niwahi kabla ya mvua."

Hakukuwa na wingu hata moja.

Ulijaribu kusimama. Mkono wako wa kushoto ulishika kiti kikatikisika, sauti ikakutoka, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako. Nikawaambia wageni, "Mzee amechoka na jua." Nilikusingizia huku unanisikia.

Jikoni Mirta akanifuata. "Mama, umemruka."

"Kimya! Wageni wanasikia."

"Babu naye alikuwa anaona."

Kesho yake asubuhi nilikuletea pembe, ukafumba mdomo. Nikasema labda hujisikii vizuri. Mchana ukafumba. Kesho kutwa ukainua mkono wako mzima ukaifunika pembe kwa kiganja, ukanitazama. Hapo nikaelewa, na Rigoberto akaelewa, na kila mmoja akajifanya hajaelewa. "Ni ugonjwa," tukaambiana. Maji ulikunywa kwa kijiko, mchuzi ulikunywa. Terere hukuigusa tena. Wewe uliyekunywa terere mara tatu kwa siku tangu ujana wako!

Oktoba Rigoberto alipiga magoti mbele ya kiti chako. "Baba, twende na mkokoteni tukamlete?" Ukafumba macho, ukayafumbua. Ilikuwa ndiyo, na sote tuliiona. Na nyinyi mnaosoma, sikieni: hatukwenda. Kinamasi kimejaa. Harusi imekaribia. Wiki hii mashine inasumbua. Kila siku ilikuwa na sababu yake, na zote zilikuwa za uongo.

Siku ya harusi mama mkwe alinivuta pembeni. "Yule mzee wa mizizi mbona simwoni? Nilitaka anipe ile dawa yake. Ananikumbusha baba yangu. Naye alipigana Chaco, na mpaka anakufa alitembea peku, viatu vilimshinda." Kumbe tuliona haya mbele ya watu ambao hawakuwa na habari na haya zetu.

Januari ukatuacha, na mdomo wako umefungwa vilevile.

Kwenye mazishi Mzee Nicanor alikuja. Alisimama nje ya geti, karibu na mtungi, kofia kifuani. Rigoberto akamfuata. "Ingia, Mzee."

"Hapa panatosha, mwanangu."

Jeneza lilipotoka alichota kata moja ya maji, akamwaga kidogo chini mahali utakapopita, akanywa yaliyobaki, akarudi Kurupai. Nikasema moyoni, amenuna. Ndivyo nilivyosema. Hata pale bado nilikuwa namtafutia kosa.

Mwezi uliopita nilivuka kinamasi kwenda kwake. Nisijipambe: sikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda kwa sababu nilitaka habari ya vita ya kupambia tangazo hili, watu waone baba yetu alikuwa nani. Nilimkuta kibarazani anatwanga mizizi. "Mtoto wa Crese!" akasema. "Kaa, kaa. Umenyauka, hawakulishi?" Nikamuuliza. Akaanza kusimulia huku anakunywa terere yake.

Mlikuwa saba, mmepotezana na kikosi, na chupa moja ya maji. Yeye alikuwamo, na kwa kuwa aliwazidi umri mkampa chupa amimine. Akawa anapima kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kwa kila mtu, mnazunguka. "Tukajifanya ni terere," alisema. "Baba yako alikuwa anatania, 'Nicanor, majani ya leo machungu!' Na majani yenyewe hakuna." Siku ya tatu aliitikisa chupa akajua. Maji yale hayangewafikisha watu saba siku mbili. Sita yangewafikisha.

"Ukafanyaje, Mzee?"

"Nikamimina."

"Na wewe?"

"Mimi si ndiye niliyeshika chupa? Aliyeshika chupa anajua la kufanya." Akakohoa, akatema pembeni, akajifuta kwa kiganja. "Siku ya pili yake Crese aligundua. Hakusema kitu. Angesema tungegombana, tungegombana maji yangemwagika. Walipotukuta nilikuwa sijitambui. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka kambini, na yeye mwenyewe kakauka. Njia nzima ananiambia, 'Tukirudi utaanza wewe, Nicanor. Utaanza wewe kila mara mpaka nife.' Nikamwambia, 'Nyamaza, unapoteza mate.'"

Huyo ndiye niliyemruka, Baba. Mtu aliyejiruka mwenyewe siku mbili katika pori la kiu ili wewe unywe, na wewe uishi, na mimi nizaliwe.

Mzee Nicanor akaingia ndani. Alitoka na kikombe, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, kimefunikwa kwa kitambaa safi. "Nimekuoshea hiki," akasema. "Najua nyie hamchanganyi midomo. Na mimi nakohoa, sitaki kukutia wasiwasi."

Nilitafuta kijembe katika sauti yake. Haki ya Mungu nilikitafuta, ningefurahi ningekikuta. Hakikuwamo. Alikuwa ananikirimu tu, kwa adabu niliyomfundisha mimi.

Nilipaswa kusema, "Hapana, Mzee, nipe pembe." Maneno manne au matano. Hayakutoka. Nikakipokea kikombe, nikanywa, nikasema asante, nikaondoka. Nililia kinamasi kizima, na aibu iliyonishika sijui hata niiweke wapi.

Nilipomweleza Rigoberto alikaa chini kwenye vumbi la mbao. Kisha akazima mashine, mara ya pili katika maisha yake, akasema, "Vaa viatu. La hasha, vivue. Twende." Tukarudi wote wawili.

Kwa hiyo jamaa na marafiki, someni vizuri. Sala ya mwaka haitafanyika nyumbani kwa marehemu kama ilivyo desturi. Itafanyika Jumamosi hii asubuhi huko Kurupai, uani kwa Mzee Nicanor Duarte. Tulimwomba aje kwetu, akasema, "Miguu yangu haivuki kinamasi tena. Lakini uani kwangu nafasi ipo. Leteni barafu." Rigoberto amelitenga bonge la kwanza la mashine kwa siku hiyo. Mikate ya chipa tumeoka ya kuwatosha watu wote na watoto wao. Mkokoteni utaondoka getini, karibu na mtungi. Mama mkwe wa Mirta ametuma salamu kwamba anakuja, na kwamba viatu ataviacha Asunción.

Pembe yako na mrija wako wa fedha tutampelekea yeye, na atamimina yeye, kwa kuwa ni mwenye ua. Wa kwanza atakuwa Mtakatifu Tomasi, kama ulivyotufundisha. Wa pili, kwa desturi, ni mmiminaji mwenyewe. Nimemwambia Rigoberto akae mbele yake amkodolee macho, maana yule mzee ukimwacha anajiruka tena.

Baba, kukusahau hatuwezi, na hata tungeweza hatustahili. Tunaokukumbuka kwa upendo na kwa haya ni sisi watoto wako, Zunilda na mume wangu Aníbal, Rigoberto na mkewe Deolinda. Wajukuu zako Mirta, Osvaldo na Lilí. Mume wa Mirta na wazazi wake. Wafanyakazi wote wa kiwanda chako. Na wote waliowahi kunywa kata moja getini kwako.

Mimi nitakaa wa mwisho kwenye duara. Zamu yangu ikifika, Mzee Nicanor akinipa kikombe, nitakunywa kikombe na nitanyamaza. Akinipa pembe, Baba, nitaipokea kwa mikono miwili.